Chakula cha Mzazi

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nimezaliwa hivyo na wala sioni haya. Mchungaji akimaliza mahubiri namsubiri mlangoni na swali langu. Bwana mifugo akija kumpandisha ng'ombe wangu kwa mrija, namhoji mpaka anasahau glavu zake kwenye ukuta wa banda. Marehemu mume wangu alikuwa akisema, "Veronika, siku ukifa utamuuliza malaika mlango wa mbinguni kauchonga fundi gani." Nami nitamuuliza kweli. Kwani kuna ubaya gani?

Sasa siku mkwe wangu Yuditha aliponiambia kwamba mjukuu wangu yuko mjini Moshi ndani ya mtungi, amegandishwa, mnadhani nililala?

Nilikuwa nakamua. Nikaiachia chuchu ya ng'ombe. "Mae! Amegandishwa kama maziwa?"

"Siyo kama maziwa, mama. Kwa baridi. Baridi kali sana."

"Kali kuliko ya juu kileleni Kibo?"

"Mama, naomba nimalize kwanza."

Nikashika chuchu tena, nikasikiliza. Yuditha ni mke wa mwanangu Eliufoo, yule anayewapikia wageni wanaopanda mlima. Yeye mwenyewe ni fundi cherehani, ana chumba cha kushonea mtaa wa Majengo, na nyumba wamepanga mtaa wa Soweto, hukohuko Moshi. Wameoana siku nyingi na mtoto hawana. Miaka ya mwanzo niliuliza. Baadaye hata mimi niliona swali hilo linamkata mtu, nikalimeza.

Kumbe mwaka jana walikwenda kliniki moja ya mjini bila kuniambia. Yuditha akatolewa mayai, yakachanganywa na mbegu za Eliufoo kwenye kisahani cha maabara, na katika yote wakakua watoto wawili tu. Yaani hawajawa watoto, mniwie radhi, daktari ana jina lake, anaita viinitete. Mimi nitaita watoto. Mmoja aliwekwa tumboni mwaka uleule, hakushika. Wa pili ndiye huyo aliyebaki kwenye baridi, na ndiye wa mwisho. Yuditha ana miaka arobaini, na daktari alimwambia wazi kwamba mayai yake yamebaki machache mno, kumtoa mengine ni kumtesa bure. Akikataa huyu, basi.

"Eliufoo atakuwa mlimani wiki hiyo," akasema. "Siku haipangwi na sisi, inapangwa na mji wa mimba ukiwa tayari. Nataka unisindikize wewe. Lakini mama, nakuomba kitu kimoja. Mtu yeyote asijue. Mara ya kwanza nilimwambia dada yangu, dada akamwambia rafiki yake, na ilipokataa nilipewa pole mpaka na watu wanaoleta mashati ya kupunguza. Sitaki pole tena. Sitaweza."

Nikamwambia mdomo wangu nimeufunga na ufunguo nimeutupa chooni. Akacheka kidogo.

Tukaenda. Daktari wao anaitwa Loveness, binti mdogo tu, miwani usoni, sauti ya upole. "Shikamoo mama," akanisalimia.

"Marahaba mwanangu. Huo mtungi uko wapi?"

Yuditha akanivuta kitenge kwa nyuma. Nikautoa mkono wake. Mimi mtungi naujua! Bwana mifugo wetu anao, anaufunga nyuma ya pikipiki, akifungua kifuniko unatoka moshi mweupe, na ndani ndimo zinamokaa mbegu za madume. Ile baridi yake ikiisha mbegu zinakufa, na ng'ombe wako atapandishwa leo, wiki tatu zijazo analia tena. Nikamweleza daktari yote hayo, nikamuuliza wao wanaongeza lini.

Daktari hakunicheka. Alisema ni naitrojeni ileile, wanaipima na kuiongeza mara kwa mara, na ikipungua kuna king'ora kinapiga kelele. Nikaridhika, nikavuta kiti.

"Haya, sasa niambie. Nini kinachofanya mtoto ashike?"

"Mama!" Yuditha akasema.

"Mwache aulize," daktari akasema. "Na wewe usikie tena. Kikubwa kuliko vyote ni umri wa yai. Wanawake tunazaliwa na mayai yetu yote, na yanazeeka pamoja nasi."

"Basi huyu wa arobaini ndiyo kaisha!"

"Hapana. Tunahesabu umri aliokuwa nao siku yai lilipotolewa. Likishachanganywa na kugandishwa halizeeki tena. Angekaa humo miaka kumi, angetoka vilevile alivyoingia."

Nilitazama dari. Jamani, yaani sisi huku tunaota mvi, magoti yanalia, na yeye humo ndani anatusubiri na umri wake uleule! Nikataka kuuliza kama akizaliwa wamhesabie na ule mwaka wa kwenye mtungi, lakini Yuditha alinitazama, nikaliweka swali hilo pembeni.

"Kingine?"

"Mbegu za mwanaume. Wingi wake, mwendo wake, umbo lake."

"Na za Eliufoo mlizipima?"

"Tulizipima. Hazikuwa nyingi, lakini zilitosha."

Kwetu ng'ombe asiposhika anauzwa ng'ombe, na mke asiposhika anasemwa mke. Sijawahi kuona mtu anaulizwa habari za dume. Nikamtazama Yuditha, miaka yote hiyo hakunifungulia mdomo kuniambia mwanao naye ana yake. Nikaona aibu kwa niaba ya ukoo mzima.

Daktari akaendelea. Uzito ukizidi sana au ukipungua sana. Sigara. Pombe, ya mume na ya mke. Ukuta wa mji wa mimba, unene wake. Maabara yenyewe, mikono ya wanaofanya kazi humo. Kila akitaja kimoja mimi namwangalia mkwe wangu na kumpima kwa macho, na kila kimoja naona anafaa.

"Na vyote vikiwa sawa?"

"Vyote vikiwa sawa, mama, wanawake watatu wa umri wake wakiwekewa, anapata mmoja. Hapo pengine hatujui. Nimeona mzuri kabisa akikataa, na nimeona dhaifu, ambaye tulikaribia kumtupa, akazaliwa na leo anakwenda shule."

Nikampenda binti yule kwa neno hilo la hatujui. Bwana mifugo wetu hajawahi kulisema tangu nimfahamu. Kwake kosa ni la ng'ombe siku zote.

"Swali la mwisho," nikasema, na Yuditha akaguna. "Sasa hivi mtoto ana umri gani?"

"Siku tano. Alikaa maabara siku tano akikua, ndipo tukamgandisha."

"Siku tano nje ya mama yake? Hai?"

"Ndiyo. Nje ya mama yake, hai."

Kwa kuwa baba wa mtoto alikuwa mlimani, waliniruhusu niingie na kukaa kichwani kwa Yuditha, nimevalishwa kofia na gauni la kijani. Ukutani kulikuwa na skrini. Daktari akasema, "Huyo hapo." Nikaona duara. Duara dogo lenye weupeweupe ndani, kama tone la samli juu ya mtori wa ndizi. "Tumemyeyusha asubuhi na ameshaanza kutanuka. Yuko hai na ana nguvu." Yuditha akanikamata mkono, akaubana hadi pete yangu ikaniumiza. Kisha mrija mwembamba, kimya, na kabla sijamaliza kumwomba Mungu daktari akasema ameshaingia.

Nikauliza kama alale. Wakasema asilale, kulala hakusaidii kitu, atembee, apike, ale kawaida, atumie dawa zake, na baada ya wiki mbili arudi kupima damu. Tukakubaliana wiki hizo akae kwangu Marangu, tukachukua gari ya kukodi.

Njiani nilikuwa nimeelekeza macho kwenye kahawa na migomba inapita, lakini kichwa changu kilibaki kwenye zile siku tano. Mtoto aliyeko nje ya mama yake, hai, siku tano. Sasa nyie niambieni, kwetu mama wa mtoto wa namna hiyo anaitwaje? Anaitwa mzazi! Na mzazi kwetu hapiki, halimi, hachoti maji. Anakaa ndani miezi mitatu, na anayempikia ni mama mkwe. Mtori, maziwa, na zaidi ya vyote mlaso, ile damu ya mnyama iliyopikwa na maziwa na mafuta, inayomrudishia mwanamke damu yake. Mama mkwe asiyempikia mzazi wake watu wanamsema mpaka siku ya kumzika.

Na wangu alikuwa mzazi tangu mwaka jana! Watoto wawili wamelala nje kwenye kisahani siku tano, na mama yao karudi kwenye cherehani, kanywa chai na chapati ya dukani. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Ndiyo maana yule wa kwanza hakushika! Angeshikaje? Nani alimlisha mama yake? Daktari alitaja umri, akataja uzito, akataja sigara. Mama mkwe hakumtaja, na nikasema moyoni, hapa Veronika umeipata ile sababu wao wasioijua.

Kesho yake nilichinjisha kondoo.

"Mama, hii nini?" Yuditha aliuliza nilipomwekea bakuli.

"Mlaso."

"Si chakula cha mzazi?"

"Na wewe ni nani?"

Nikamweleza hesabu yangu. Nikadhani ataniambia nimezeeka. Badala yake akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akala, akalamba kijiko. Tangu hapo nikamlisha. Asubuhi mtori, mchana mlaso, jioni maziwa. Majani ya ng'ombe nilikata mwenyewe. Yeye nikamkalisha na kanga zake, na mimi nikakaa naye nikauliza yote niliyokuwa nayo. Mayai yanatolewaje? Kwa sindano ndefu, umelala usingizi wa dawa. Uliumwa? Baadaye, sana. Ulimlilia yule wa kwanza? Akasema alimlilia chooni, bomba la maji likiwa wazi, ili Eliufoo asisikie. Mambo hayo alisema hajawahi kumwambia mtu. Nikawa najisikia vizuri mno. Nilijiona nalea mimba kwa kijiko.

Kitu nilichosahau ni Mektrida.

Mektrida ni jirani yangu, shamba kwa shamba, Mkatoliki mzuri, na kwa kuchungulia hana mpinzani tarafa nzima. Aliona ngozi ya kondoo kwenye uzio. Akaona siku hizi sipeleki maziwa ya jioni kwenye kituo cha maziwa. Akaona kanga za Yuditha kwenye kamba na Yuditha mwenyewe hatoki. Siku ya nne, mchana kweupe, nikasikia vigelegele getini. Nikatoka mbio na mwiko mkononi. Mektrida na wanawake wawili, mkungu wa ndizi kichwani, samli mkononi.

"Hongera bibi! Mbona kimyakimya? Tumbo hata hatukuliona! Amekuja wa kike au wa kiume?"

Mimi, Veronika, niliyewauliza watu maisha yangu yote, niliulizwa swali moja nikakosa jibu.

"Hakuna mtoto," nikasema.

"Hakuna? Na huo mlaso unaonukia ni wa nani?"

"Wangu! Nimeugua!"

Walinitazama kiuno, walinitazama mikono yenye nguvu iliyoshika mwiko, hawakuamini hata kidogo. Dirisha la chumba cha Yuditha lilikuwa wazi. Wakaacha ndizi, wakaondoka wakinong'ona, na mimi nikaingia ndani taratibu kama mwizi.

Yuditha alikuwa amesimama katikati ya chumba.

"Nilikuomba kitu kimoja, mama."

"Sijafungua mdomo! Mungu shahidi, sijamwambia mtu!"

"Hukufungua mdomo, umefungua sufuria! Sasa Jumapili watajua wote. Ikikataa nitapewa pole na Marangu nzima. Nilikuambia sitaweza!"

Nilikasirika, sitaficha. Nikamwambia nimechinja kondoo kwa ajili yake, nimekata majani na mgongo huu, na badala ya aika, yaani asante, napewa kelele. Nikamwambia mimba ikishika atakuja kunishukuru, maana ni mlaso ulioishikisha. Akakaa kitandani, akafunika uso. Nikatoka, nikampigia daktari simu ili aniunge mkono.

"Mlaso haumdhuru, mama," Daktari Loveness akasema. "Umeupika vizuri? Basi haudhuru. Lakini haushikishi mimba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Na ikikataa haitakuwa kwa sababu hakula, wala kwa sababu alikula. Umwambie hivyo na yeye."

Nilisimama pale kwenye migomba na simu yangu. Siku zote napenda kujibiwa. Jibu lile sikulipenda. Nilitaka kuwe na kitu mkononi mwangu, hata kijiko, na binti yule alikuwa ameninyang'anya kwa adabu kabisa. Nilirudi nikamwambia Yuditha maneno yote kama yalivyo, nikaongeza kwamba mimi nilikosea. Akasema, "Nimesikia mama." Usiku ule alikula ugali.

Siku zilizobaki sikumpikia chakula cha uzazi, wala hakuniomba. Tulizungumza mambo ya ng'ombe. Jumapili nilikwenda kanisani peke yangu, na kila aliyeniuliza nilimjibu vibaya.

Eliufoo akashuka mlimani, uso umebabuka kwa jua, akampeleka mkewe mjini kupima damu. Mimi niliachwa nyumbani. Nilifagia banda mara mbili. Nikatazama simu. Kisha, sijui hata nilivyofika jikoni, nikajikuta nimewasha moto, nimetoa damu na nyama niliyokuwa nimegandisha kwenye friji ya duka, na napika. Nilijua haisaidii. Daktari alishasema, na mimi daktari yule namwamini. Nikapika tu.

Walirudi mchana. Eliufoo alishuka kwenye gari akapita moja kwa moja hadi nyuma, kwenye kahawa, akanipa mgongo. Yuditha alikuja jikoni. Hakuwa analia. Akavua viatu vya mjini, akajifunga kanga, akachukua mundu uliokuwa mlangoni.

"Imekataa," akasema. "Nakwenda kukata majani. Nimepumzika vya kutosha."

"Rudisha mundu."

"Mama, sitaki kukaa."

"Rudisha mundu, ukae, ule."

Akaona bakuli. Akaona kilichomo, uso ukabadilika, na nikajua hasira yake inakuja, nami nilistahili.

"Mlaso? Leo? Mama, mimi si mzazi. Hakuna kitu. Wamepima damu, hakuna kitu!"

"Kilikuwepo," nikasema. "Nilimwona, Yuditha. Wewe ulimwona na mimi nilimwona. Daktari alisema yuko hai, tena ana nguvu. Basi aliyekuwa hai alikuwa na mama, na mama huyo ni mkwe wangu, na mimi ndiye wa kumpikia. Sipiki ili ashike. Nimeshaambiwa haishikishi. Nakupikia kwa sababu umezaa mara mbili na hujalishwa."

Alisimama na mundu wake.

"Na watu?" akasema, sauti imekuwa ndogo. "Mektrida atakuja. Watakuja wote na pole zao."

"Waje. Nitasimama pale getini nizipokee mimi, moja moja, na hakuna itakayofika huku ndani mpaka useme unaitaka. Miezi mitatu. Ndiyo haki yako."

Aliuegemeza mundu ukutani. Akakaa kwenye kigoda, akachukua bakuli kwa mikono miwili, akala vijiko viwili vitatu bila kunitazama. Mimi nikachochea moto usiohitaji kuchochewa. Kisha akauliza, kijiko kikiwa bado mdomoni:

"Mama, pale kwenye skrini. Mimi nilikuwa nimelala, sikuona vizuri. Alifanana na nani?"

Mimi mwanamke wa maneno. Nilitafuta. Nilifikiri niseme Eliufoo, nikafikiri niseme marehemu babu yake, nikaona siwezi kumdanganya.

"Mwanangu," nikasema, "alikuwa mviringo tu."

Akacheka. Alicheka chakula kikamtoka mdomoni, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, kilio chenyewe, cha sauti, bila bomba la maji. Nikahama kwenye moto nikaenda kukaa naye, nikamshikia bakuli lisimwagike.